Onja Kwanza

Ijumaa, 19 Desemba
Siku ya soko, Mpondwe. Nimerudi na nusu jerikeni ya bushera. Uji wangu wa mtama, umechachuka vizuri kabisa, na jioni hii nimeumwaga migombani. Mama mmoja muuza chumvi kutoka Kabatoro alinunua kikombe, akakiinua, mtu akamnong'oneza sikioni. Akakirudisha. "Onja kwanza, mama." Nikamwambia sionji. Akaenda zake.

Najua, hapa mwenye kinywaji huonja ndipo mgeni anywe. Hata kwetu Butembo ni hivyo, hakuna anayekasirika. Lakini mimi naambiwa kwa sababu nyingine. Siku ya Pasaka mtoto wa jirani yangu Biira alikula kwangu, akatapika usiku kucha. Mtoto alipona. Mimi nikabaki mwanamke wa sumu. Nikionja ni kama nimekubali. Sionji ng'o.

Jumapili, 21 Desemba
Padri amesema tusisumbuke na ahadi za mwaka mpya, kabla ya Kwaresima zitakuwa zimekufa. Kila mtu achague kitu kimoja ambacho hawezi kukiacha hata akikosa vingine vyote. Akitangulize. Kila anapotaka kufanya jambo, ajiulize kama linalingana nacho.

Nimewaza njia nzima. Wengine walisema upendo, imani. Mimi nimechagua heshima. Nilifiwa na mume, nikavuka mpaka na mwanangu Kambale mgongoni, sikumpigia mtu magoti. Heshima ndiyo niliyobaki nayo. Nimefurahi kuipata.

Jumatano, 24 Desemba
Kambale haji. Kazi, Kampala. Nimepika peke yangu.

Biira ameziba kwa fito kipito cha kati ya nyumba zetu. Sisi tuliokuwa tukichambua maharagwe kwenye ungo mmoja! Namchukia. Na nimemkumbuka, hilo ndilo balaa.

Jumanne, 30 Desemba
Mamake Biira amefariki. Nilisikia kilio nikiwa nawasha moto, nikajua. Nilipofika hapa Bwera sina kitu, bibi yule ndiye aliyenikatia kipande cha shamba nilime. Hakuniuliza mimi ni wa nani. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Wenye msiba hawapiki, majirani ndio hupeleka chakula. Na jirani wa karibu ni mimi. Nisipopeleka watasema mmeona, mchawi anajijua. Nikipeleka wakakimwaga mbele ya ukoo mzima, nitaishi wapi tena? Maharagwe nimeyaloweka, nikayaangalia tu. Sikwenda.

Jumatano, 31 Desemba
Tumemzika. Nilisimama nyuma kabisa, migombani. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisogelea. Biira aliniangalia mara moja tu, tena aliangalia mikono yangu, kama nimebeba kitu. Sikubeba.

Jioni nikapita kanisani. Watu walikuwa wanapamba kwa ajili ya mwaka mpya, mimi nikakaa benchi la mwisho na swali la padri. Heshima gani hii inayomwacha mfiwa bila chakula? Ni kiburi, nimekivalisha nguo za Jumapili. Nimeona haya peke yangu mle ndani. Bibi aliponipa shamba hakutanguliza jina lake. Alitanguliza ujirani. Bila huo ujirani mimi na mtoto wangu tungekula nini?

Basi nimebadilisha. Mwaka mpya ni ujirani. Naogopa sana.

Alhamisi, 1 Januari
Nimepika bundu, ugali wetu wa muhogo, maharagwe, na samaki wa Hamukungu aliyekaushwa kwa moshi. Nikajitwisha, nikazunguka kwa barabarani kwa sababu ya zile fito.

Uwanja ulikuwa umejaa. Shangazi yake Biira, aliyekuja kutoka Kasese, akasema, wala hakupunguza sauti, "Toeni batoto hapa." Miguu ilitaka kugeuka. Nikaenda mpaka kwenye mkeka wa Biira, nikatua chungu mbele yake, nikafunua.

Niseme ukweli. Nilitumaini atasema acha, hakuna haja. Nilimwomba Mungu aseme hivyo. Akasema, "Onja, Mama Kambale."

Nilimega bundu, nikachovya, nikala. Nikachukua na samaki, nikala. Watu wote wanaangalia koo langu. Machozi yananitoka na mimi natafuna. Nikameza.

Biira akanawa. Akamega palepale nilipomega mimi. Akala, akalia, akala tena. Yule mtoto wake wa Pasaka akaja akachutama kando yake, akatia mkono. Baadaye hata shangazi akauliza kama nimeleta pilipili.

Nimerudi na chungu kitupu. Sina furaha. Ameniambia onja, mbele ya watu, na imeniuma. Lakini ningeamua upya, ningekwenda tu.

Jumapili, 4 Januari
Mvua asubuhi, kisha jua.

Wageni wa msiba wanaondoka. Biira amekuja amebeba sahani iliyofunikwa jani la mgomba. Hakuketi, alikuwa anawahi kumsindikiza shangazi. "Ni muhogo na sombe ya majani yake. Kula ingali moto." Akaondoka.

Nikabaki na sahani. Nikanawa, nikanyoosha mkono, mkono ukasimama.

Hakuonja.

Hilo ndilo lililonijia. Mimi! Mimi niliyekasirika mwaka mzima. Hofu ndogo tu, ya tumboni, haikuniomba ruhusa. Na mimi sina mtoto aliyetapika hadi asubuhi mikononi mwangu. Biira alikuwa naye.

Nimekaa nayo kidogo. Kisha nikala. Sombe ilizidi chumvi. Nimemaliza yote.