Kitunguu thomu changu kinaishia kwenye migomba

Mudathir, mke wangu Mwatumu anamwaga kitunguu thomu changu. Kila Ijumaa namenya, natwanga, namkabidhi kinu, naye anakwenda kumwaga kwenye migomba.

Nimesikia mwenyewe, nipo nje ya dirisha la jikoni. Dada yake Zuleha kamwambia, "Shemeji hodari, anakutwangia." Mwatumu akajibu, "Mwache apate la kufanya. Hatoi lile chipukizi la kijani la ndani, pilau inakuwa chungu. Namwaga, natwanga changu."

Apate la kufanya. Kama mtoto anayepewa donge la unga achezee.

Si angeniambia tu nitoe chipukizi? Ningetoa.

Nikaingia na kinu. Akapokea anacheka. "Ahsante, baba Hasina, leo umetwanga laini." Ahsante, Mudathir. Usoni kwangu. Zuleha akainamia mchele.

Tangu mgongo unitoe bandarini, hiyo ndiyo kazi yangu pale nyumbani. Mkiniita kwenye bao Makorora nasema siji, pilau inaningoja.

Kwa hiyo kidole gumba kimebabuka, bao la Ijumaa nimelikosa mwaka mzima, na ile pilau niliyojisifia kwenu haina hata punje yangu moja.