Saba Iliyovunjika Mguu

2 Machi

Kwako Dada Fundi,

Shikamoo. Vipi mguu, bado unavimba ukisimama sana kaunta? Huku wote tumeamka salama. Wifi yako anakusalimu, anasema umetusahau.

Dada, nina jambo, na usinicheke. Sisi wa makumbusho tumeteremsha kutoka mlimani mabaki ya ndege ya kijeshi ya vita ile kubwa. Mkia umeungua, hauna namba. Ndani tumekuta mifupa ya rubani na redio moja. Kumbukumbu zinasema mwezi ule zilipotea ndege mbili za aina hiyo, kila moja na rubani mmoja. Ya kwanza ilifungwa redio namba 6471, ya pili 6417.

Rubani wa ndege ya kwanza ana dada yake aliye hai, bibi wa miaka sabini na sita. Kila Ijumaa anakuja ofisini na mkoba wake, anakaa, anauliza kama kuna habari za kaka yake. Wa ndege ya pili hatujapata ndugu hata mmoja.

Kibati cha namba ya redio kimeng'oka. Redio naituma kwa basi la kesho. Hapa hakuna anayejua vitu hivi kama wewe. Niambie tu ni ya ndege ipi.

Mdogo wako,
Kitinda

19 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mguu unavimba, asante kwa kuuliza baada ya miezi saba. Nimehesabu. Mwambie wifi kwamba aliyesahau ni yule mwenye ofisi yenye feni.

Mzigo umefika. Nimeusafisha siku nne kwa brashi ya meno na mafuta ya taa. Ni kipokezi cha ndege, hilo halina ubishi: vali tano, yaani zile taa za kioo, tatu zimepasuka, na miguu minne yenye mpira wa kuzuia mtikisiko, ambayo redio ya sebuleni haina kazi nayo. Kibati kweli hakipo. Yamebaki matundu manne ya ribiti, zile pini za kubania bati, na kutu imejaa ndani yake, kwa hiyo kiling'oka zamani.

Ila waliotengeneza vitu hivi hawakuamini kibati peke yake. Nimefungua koili kubwa, na chini yake namba imegongwa kwenye bati lenyewe. Nimelaza karatasi juu yake nikapitisha penseli mara mbili. Nakala moja nakutumia, nyingine nabaki nayo. Hata mteja wangu asiyejua kusoma saa ameisoma: 6417.

Ni ndege ya pili. Huyo si kaka yake bibi. Mwambie taratibu, na usimwambie amesimama.

Redio narudisha kwa basi la Jumanne. Na kwenye karatasi ya mzigo wasiniandike tena "fundi wa mtaani". Nina miaka ishirini na sita kazini na sijawahi kukosea namba.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Mzigo nimeupata. Ubarikiwe sana. Nina haraka, tunafungua chumba kipya cha maonyesho na kazi zimenifika shingoni. Mengine nitakueleza nikitulia.

Kitinda

12 Mei

Kitinda,

Leo sikuulizi hali, maana nimekuona juzi gazetini ukicheka, umevaa suti, redio yenye kibati ikiwa mbele yako. Chini ya picha wameandika kwamba mifupa ni ya kaka yake bibi, atazikwa Jumamosi ya tarehe 28, na kwamba "fundi mzoefu wa redio, ambaye ni dada wa mtunza makumbusho, amekagua kibati na kuthibitisha namba 6471". Nilisoma mara tatu nikidhani macho ndiyo mabovu.

Nikafunga duka, nikasafiri kwa basi kwa saa sita nzima. Nimefika hapo jana mchana, wewe ukiwa mkutanoni. Nimekata tiketi kama mgeni yeyote, nikachutama mbele ya kabati la kioo lenye ile redio, na lenzi yangu ya kusomea vipuri. Mlinzi wako mcheshi akaniambia, "Mama, hiyo haipigi muziki." Nikamjibu ndiyo kwanza imeanza kusema uongo, muziki utafuata.

Kibati kipo. Kimepakwa matope na chai kionekane cha kale, kimefungwa kwa ribiti nne za alumini zisizo na hata chembe ya kutu, kwenye matundu yaleyale niliyokuambia yamejaa kutu. Lakini hayo ningeweza kuyakanusha moyoni. Nilichoshindwa kukikanusha ni ile saba.

Saba ile haina ncha ya mguu. Ni ya muhuri wa chuma wa baba, ulioupiga juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, mwaka wako wa kwanza dukani ukauvunja, nikakufichia baba asijue. Mihuri tisa ya kugongea namba. Sita ndiyo hiyohiyo tisa ukiigeuza. Nilikupa yote siku ulipoajiriwa, ikukumbushe ulikotoka. Umeitumia kunizunguka.

Niliacha shule ili wewe usome. Nilikufundisha kushika pasi ya kulehemu kabla hujajua kufunga tai. Leo umechukua kitu pekee nilichojijengea mwenyewe, neno langu, ukalipigilia ribiti kwenye uongo.

Nataka mambo mawili kabla ya tarehe 28. Mwambie bibi ukweli. Na unirudishie mihuri ya baba.

Dada yako

17 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na naomba unisamehe kabla hujaendelea kusoma.

Nilishamwambia bibi. Ijumaa moja kabla barua yako haijafika, alikaa pale na mkoba wake, nikashindwa. Nikasema tumempata. Alilia mpaka akaniita mwanangu. Wiki iliyofuata ikaja karatasi yako ya penseli. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Bibi ana ugonjwa wa moyo. Yule rubani mwingine hana anayemlilia. Nani ameumia, Dada? Nionyeshe mtu mmoja tu.

Nipe muda. Mazishi yapite, nitamwambia polepole, naapa kwa kaburi la baba. Usiende kwake. Nikipoteza kazi hii nina watoto watatu.

Mihuri hiyo hapo kwenye boksi, yote, kama ulivyonikabidhi.

Mdogo wako wa daima,
Kitinda

26 Mei

Kwa mtunza makumbusho,

Barua yako nilikaa nayo siku mbili bila kufungua boksi. Nitakuambia ukweli, moyo ulianza kulainika. Nilimfikiria bibi na mkoba wake. Nilifikiria watoto. Nikasema labda mimi ndiye mgumu, labda mazishi yapite.

Siku ya tatu nikafungua boksi, nikapanga mihuri kaunta. Sifuri, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane. Nikahesabu tena. Nikakung'uta boksi.

Umeandika "yote".

Umeficha saba ili nisiwe na ushahidi. Umesahau kwamba kila redio iliyopita mikononi mwangu kwa miaka kumi na tisa kabla sijakupa mihuri ile ina kipande cha bati chenye tarehe ndani yake. Nimekusanya vipande kumi na vinne kwa wateja wa mtaa huu tu, kila kimoja na saba yake isiyo na ncha.

Jana nimekwenda kwa bibi navyo, pamoja na karatasi ya penseli. Nilimwambia akae kwanza. Hakulia. Alishika lenzi mwenyewe, akatazama bati moja baada ya jingine, kisha saba ya kibati kwenye picha ya gazeti. Akauliza yule aliye kwenye sanduku mama yake ni nani. Nikasema hajulikani. Akasema basi asizikwe kwa jina la mtu, na akatuma watu wasimamishe mazishi.

Nilipokuwa natoka akanishika mkono, akaniuliza kama yule kijana wa makumbusho ni mdogo wangu kweli, kama gazeti lilivyosema.

Nilimwambia aliwahi kufanya kazi dukani kwangu.

Fundi