Dakika Nne za Kwanza

Ukiwa umeliokota daftari hili, nakusihi usimsomee mtu hata mstari mmoja. Humu mna siri ya mwanamke ambaye hakuniruhusu kuiandika, nami ni mwoga. Lifunge. Kama umeshaanza kusoma, kaa kimya nayo.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimefika ofisini saa mbili kasorobo. Hedifoni ya meza yangu imetumiwa tena na mtu wa zamu ya Jumamosi. Sponji imebanduka kama ngozi ya kidonda, na ndani mna nta ya masikio yake. Nimeifuta kwa spiriti mara tatu. Bado inanuka.

Leo nimechapa sauti za watu watatu. Kazi ni ile ile. Mahali fulani duniani kuna mtu ameketi kwenye benchi la stesheni au uwanja wa ndege na kinasa sauti, anamwomba mpita njia amsimulie safari moja ya maisha yake. Sauti zinaletwa hapa Thika, nyingi kwa Kiingereza, sisi tunazigeuza kuwa maandishi. Neno kwa neno, pamoja na kikohozi na kimya. Kanuni imebandikwa ukutani: usipunguze, usiongeze.

Bibi mmoja wa Ureno alimfuata dada yake kwa treni siku mbili, na kwa hofu akaula mkate wote aliombebea. Mwanamume wa Ghana alilala uwanja wa ndege hadi akawajua wafagiaji wote kwa majina. Dereva wa lori wa Poland hakusimulia kitu. Alilia tu. Nikaandika: analia. Dakika sita.

Naipenda kazi hii. Kinachonichefua ni bosi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Bosi Gitau amekula mayai ya kuchemsha juu ya meza yangu. Kiini kimeingia katikati ya herufi za kibodi. Akalamba vidole, kisha akashika kipanya changu kunionyesha picha za ofisi yake mpya. Ameifungua hapo chini, mlango wa pili. Anapeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Kwenye bango kuna msichana anayetabasamu na sinia.

Nimenawa mikono mara nne.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Sauti ya Kiswahili leo. Zinakuja chache, na zote ni zangu.

Mwanamke anaitwa Mutheu. Alirekodiwa uwanja wa ndege Nairobi siku aliyorudi kutoka Uarabuni. Anasema kwao ni Ngoliba, nyuma ya kinu cha posho. Dakika ishirini na mbili.

Nne za kwanza ni tamu. Ndege ilipoinuka alilia kwa furaha. Alimwezekea mama yake nyumba kwa mabati. Aliona bahari kupitia dirisha la jikoni. Anacheka.

Halafu anasema "lakini". Kisha kimya. Nimehesabu sekunde kumi na moja.

Alilala stoo ya sabuni, mlango ukafungwa kwa nje. Pasipoti ilifungiwa kabatini. Mama mwenye nyumba alihesabu vipande vya mkate. Siku alipounguza shati, pasi iliwekwa juu ya mkono wake. Mama yake mzazi akipiga simu, alipewa simu huku amesimamiwa, akaambiwa acheke. Akacheka. Mama akafurahi.

Mwishoni anamwambia yule mwenye kinasa sauti: "Nyumbani hawajui, na hawatajua. Nitasema mkataba uliisha. Wewe ni mgeni. Utaenda na haya maneno."

Nimechapa yote. Anakohoa. Anameza mate. Kimya.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Bosi amesoma niliyochapa. Aliniita.

"Kairetu, msichana wewe, hii sauti ni dhahabu. Nikatie dakika nne za kwanza. Hapo kwa 'lakini', chinja."

Nikasema kanuni hairuhusu. Akacheka hadi nikaona yai kwenye meno.

"Kanuni niliandika mimi. Na wewe uliweka sahihi kwa ile karatasi ya kutunza siri. Ama umesahau?"

Sikusahau. Nimesoma hadi chuo kikuu, nalipa nyumba Gatongora, mdogo wangu yuko sekondari. Nilikata.

Hata ile pumzi aliyovuta kabla ya "lakini" niliiondoa, ili mwisho usisikike umekatwa. Sasa anamalizia kwa kicheko. Hakuna atakayejua. Nilifanya kazi safi sana, na hilo ndilo linanitia kinyaa zaidi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Sikula. Chai ilinuka sabuni.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kanisani, baada ya sadaka, mchungaji alitangaza ushuhuda. Bosi alisimama mstari wa tatu, suti mpya, akampa kijana wa mitambo simu yake. Spika zikakohoa. Sauti ya Mutheu ikajaa kanisa. Ndege. Mabati. Bahari. Kicheko.

Watu walipiga makofi. Akina mama wakasema Bwana asifiwe. Nilikaa nimebana miguu kama mtu anayezuia haja. Mahali nilipokata palipita, hakuna aliyegeuka.

Bosi akauliza nani yuko tayari kubarikiwa. Wanja akasimama.

Wanja ni jirani yangu. Ukuta mmoja unatutenganisha. Ni msusi, kibanda chake kiko hapo nje ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Gesi yangu ikiisha napikia kwake. Kumbe bosi alishachukua pasipoti yake. Anaondoka Ijumaa hii, pamoja na wengine. Sauti ilichezwa ili kumtia nguvu mama yake, ambaye alikuwa akisitasita.

Mama Wanja hasitisiti tena. Amelia kwa furaha begani kwangu. Machozi yake yaliingia shingoni mwangu nami nikamwambia hongera.

Hongera! Ulimi wangu huu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nilichapisha kurasa zote za Mutheu nikazipeleka kibandani. Wanja alikuwa anamsuka mteja. Nilifunika jina kwa kalamu nyeusi. Akasoma ukurasa mmoja, kitana mdomoni.

"Hii umeandika wewe."

"Ni yeye alisema. Ile sauti ya kanisani."

"Ya kanisani ilikuwa inacheka."

"Ilikatwa, Wanja."

"Na nani?"

Mteja akadakia kutoka chini ya mikono ya Wanja: "Wacha mwenzako aende, atuletee marashi!" Wakacheka wote wawili. Kisha Wanja akanirudishia karatasi.

"Wewe uko na kiti ya kuzunguka. Mimi nasimama na nywele za watu kutoka asubuhi. Usinionee wivu, jirani."

Hakusema kwa ubaya. Hilo liliuma zaidi.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Sauti nzima iko kwenye kompyuta ya ofisi. Nilikuja na flashi ya kuinakili. Niliishika hadi ikalowa jasho. Bosi akaja nyuma yangu akaniwekea mkono begani, akauliza mbona nimekunja ngumi. Nikasema baridi ya Juni. Flashi ikarudi mfukoni tupu.

Niseme ukweli wote. Si woga tu. Nikiicheza sauti hiyo Gatongora, kesho itafika Ngoliba. Mama yake Mutheu atasikia mwanawe alikuwa anacheka kwa amri. Nilishamwibia nusu moja. Nimwibie na ya pili?

Lakini zimebaki siku tatu.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimedanganya kwamba naumwa. Nimeenda Ngoliba.

Huko ni joto hata Juni. Niliuliza kinu cha posho, nikaonyeshwa. Nyuma yake kuna nyumba yenye mabati mapya. Mwanamke alikuwa anapepeta ndengu uani, amevaa sweta ya mikono mirefu. Nilimjua kabla hajanisalimia, kwa jinsi alivyomeza mate.

Mama yake alinipa kigoda na maji. "Huyu wangu alikuwa ng'ambo," akasema. "Walimlisha vizuri, wale watu." Mutheu akaendelea kupepeta.

Nilisema nimetumwa na kanisa. Tulipobaki wawili kando ya zizi, nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia kila kitu, hata ile pumzi niliyoitoa.

Alinitemea mate miguuni. Sikujifuta.

Aliuliza ni nani wengine wamesikia. Nikasema kanisa zima, lakini dakika nne tu. Alinyamaza muda mrefu. Kichwa changu kikaanza kuhesabu sekunde, kwa mazoea. Nikakichukia.

"Hizo nne ndizo namwambia mwaitu, mama yangu huyo, kila siku," akasema. "Umekata pale pale ninapokata mimi."

Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, mama yake atasikia.

"Huyo msichana anaenda lini?"

"Ijumaa. Kesho alasiri wanamwombea."

"Usiseme jina langu. Sema mimi ni binamu yako."

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Maombi ya kumsindikiza Wanja yalikuwa uani mwa ploti, saa tisa. Viti vya kanisa, chapati, ndengu, chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa. Bosi alikula sahani mbili. Mchuzi ulimtiririka hadi saa ya mkononi, akaunyonya hapo.

Mutheu alifika na sweta yake. Nikasema binamu yangu. Hakugusa chakula. Mchungaji alipomaliza kuomba, alikusanya sahani chafu akazipeleka bombani, kisha akaita kwa sauti ya mzaha: "Bibi harusi! Kuja unisaidie, huko unakoenda kazi ni hii hii!" Watu wakacheka. Bosi alicheka kuliko wote. Wanja akaenda.

Nilisimama kati yao na wageni, nikijifanya nafuta sinia. Maji yalikuwa yanamwagika, sikusikia maneno, wala sikutaka. Mara hii hayakuwa yangu ya kuandika. Niliona tu Mutheu akivuta mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Wanja akaweka sufuria chini.

Kisha Mutheu akacheka. Hicho nilikisikia. Kicheko chepesi, cha mtu anayesimamiwa. Niliwahi kukichapa. Wanja akafunika mdomo kwa mkono wenye povu.

Alirudi katikati ya watu akidondosha maji. Akasimama mbele ya bosi.

"Naomba pasipoti yangu."

"Iko salama ofisini, mrembo. Utaipata kesho uwanja wa ndege."

"Nataka kuishika leo."

"Haiya! Huniamini?"

"Basi twende tuichukue. Mchungaji atatupeleka."

Mama yake akaruka: "Wanja! Watu wameshaomba!"

"Nimesikia, mama. Wamalizie chapati."

Mchungaji aliangalia viatu vyake, kisha akatoa funguo za gari. Bosi akasimama kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama. Akapita karibu nami. Harufu ya mayai, hata siku ya ndengu.

"Binamu yako," akasema polepole, "nimesikia hiyo sauti mahali."

Nilikalia ndoo.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Hakwenda. Pasipoti iko chini ya godoro lake.

Mimi nimefukuzwa kwa ujumbe wa simu. Ameandika kwamba nimevunja siri ya ofisi na atanipeleka kortini. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo langoni, nazima taa.

Mama Wanja hanisalimii. Anasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba kuna watu waliosoma ili wazuie baraka za wengine.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Nafasi ya Wanja haikukaa hata siku moja. Amekwenda msichana wa Kiandutu, binti wa mama anayeuza mboga. Wanja amesikia kibandani. Mteja mwingine amesema ile sauti imechezwa kwenye kanisa lao pia, na kwamba ni nzuri sana, inatia moyo.

Kukata kwangu kunaendelea kufanya kazi bila mimi.

Sikutoka kitandani. Nimejinusa mikono. Sabuni haisaidii.

Jumapili, tarehe 23 Juni

Manyunyu tangu asubuhi. Sikwenda kanisani.

Mutheu alipiga simu. Amesema neno moja tu juu ya jambo hili: akiletewa msichana ataongea naye, mdomo kwa sikio, bombani au shambani, bila mashine na bila karatasi. Kisha akaniuliza kama huku kunanyesha. Nikasema kidogo.

Wanja alikuja kunisuka. Nilikuwa nakata karatasi kwa mkasi, vipande vidogo, naandika kwa kalamu, kwa mwandiko wangu mzuri wa karani. Atavitia mikononi mwa wateja wake, wale wenye pasipoti mpya. Anawajua. Wanapenda kusukwa kabla ya safari.

Naogopa. Bosi akipata kimoja, nimekwisha. Nimeandika hamsini.

Nilichoandika ni hiki:

Kama umesikia sauti ya mwanamke anayesema alilia kwa furaha ndege ilipoinuka, kuna iliyobaki. Njoo Gatongora, mchana. Ukipita duka la mkaa utaona ploti yenye lango lililopinda. Ingia, haifungwi. Mlango wangu ni wa tatu kutoka bombani, wenye pazia la kijani. Nikiwa sipo, uliza msusi hapo nje, sema unatafuta karani. Usipige simu. Njoo peke yako, au na mama yako.