Alama Niliyompa Tavaris

Odette upo? Acha kusahihisha mitihani, nisikilize.

Nimekutana na Tavaris. Yule yule mchezaji wa jezi namba 54 aliyekiletea chuo chetu ubingwa. Hapa duka la dawa, sasa hivi. Nimekaa garini.

Alikuwa amembeba binti yake mwenye homa. Akaninyooshea chupa ya dawa. "Mwalimu, hebu nisomee. Nimpe kiasi gani?"

Nikadhani ananitania. "We si una digrii?"

Hakucheka. Picha yake na kombe imetundikwa pale kaunta, ndiyo maana aliona haya kumuuliza muuzaji. Akaninong'oneza, "Mimi sijui kusoma. Nilidhani unajua."

Nilidhani unajua!!

Na nilijua, Odette. Alinirudishia mtihani una jina lake tu, nikampa B, kwa sababu kocha alipiga simu Alhamisi, mechi ilikuwa Jumamosi, na asingefaulu asingeruhusiwa kucheza. Mwaka uliofuata waombaji wa nafasi chuoni wakaongezeka maradufu, mkuu wa chuo akasema ubingwa umeinua elimu yetu. Tukapiga makofi, mimi na wewe.

Nimemsomea. Mililita tano, kila baada ya saa sita. Akarudia mara tatu asije akasahau. Halafu akamwambia mtoto, "Msalimie mwalimu wa baba. Alikuwa mwema kwangu kuliko wote."

Mwema kuliko wote.

Nikamwambia aje nyumbani, nitamfundisha kusoma. Akanitazama kwa upole tu. "Leo ndiyo unaniambia, mwalimu?"

Odette, wewe ulimfundisha mwaka wa pili. Ulimpa alama gani?