Siku Odhis Alipoaga na Mji Haukuja

Homa Bay, Jumapili jioni, Aprili 1998

Mvua ilinyesha mchana, ikakatika ghafla, na sasa kuna ubaridi na matope kila mahali. Pindo la buibui langu limegandwa na udongo na sijapata nguvu ya kulifua. Nimeketi jikoni na chai iliyopoa. Sebuleni mgeni wangu amejinyoosha kwenye kochi, na sidhani kama amelala.

Leo Odhis ameaga mpira, na hatukuenda.

Nasema hatukuenda ingawa mimi nilikuwepo. Mji haukuwepo, na mimi ni wa mji huu.

Odhis ndiye kipa wetu wa Mbuta United. Siku za kazi ni seremala, anatengeneza vitanda nyuma ya soko. Jumapili anasimama golini. Alianza kusimama pale kabla sijaolewa, na sasa binti yangu yuko shule ya msingi. Lakini goti lake la kulia limekataa. Majuzi alipita dukani kwangu kununua kitambaa cha kulifunga, akaniambia kwa sauti ile ile ambayo mtu huulizia bei: “Zuhura, hii mechi ya Migori ndiyo yangu ya mwisho. Ambia watu.”

Nikawaambia. Nilifunga duka mapema nikapita sokoni. Mwenye bucha akasema Odhis ni mtu wake, atakosaje? Mama mmoja wa omena, wale dagaa wa ziwani, akasema atatoka kanisani moja kwa moja, hata hatabadilisha nguo. Kinyozi aliapa mbele ya wateja. Kila mtu alikubali, na kila mtu alikuwa anasema kweli wakati ule aliposema. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna aliyenidanganya.

Zamani sikuhitaji kumwambia mtu. Mechi ya nyumbani ilikuwa Jumapili, maana Wasabato hawangekuja Jumamosi, na Wakatoliki walishuka kutoka misa na suti zao hadi uwanjani. Watu wa Kosele walikuja wamesimama nyuma ya lori la mahindi. Boti zilitoka Mbita na Rusinga zimejaa, na ungesikia nyimbo kabla ya kuona boti. Baba yangu alikuwa mtu wa Mombasa, alihamia huku na biashara ya vitambaa, na hakupenda binti yake akae uwanjani. Nilikaa. Nilibanwa katikati ya akina mama wa soko, buibui na yote, nikimtukana refa kwa Kijaluo ambacho nyumbani hakuna aliyejua nimekijulia wapi. Bendera za kijani tulizopeperusha zilikuwa vipande vya duka letu. Jumatatu nilikuwa nikiuza kwa ishara, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

Sijui yale yote yaliisha lini hasa. Kwanza magugumaji yalifunika ghuba na boti zikashindwa kufika, tukapoteza watu wa visiwani. Wavuvi wakakosa samaki, na mtu ambaye hajauza kitu hana moyo wa kuimba. Kisha mashabiki wetu walimrushia refa mawe, timu ikafungiwa uwanja, tukawa tunacheza mechi zetu za nyumbani Migori kama wapangaji. Tuliporudi, watu walikuwa wameshazoea kukaa nyumbani.

Halafu kaka yangu Jamali akaweka dishi.

Ukumbi wake uko hatua chache kutoka lango la uwanja: mabenchi, televisheni kubwa, jenereta nyuma. Mpira wa Italia unaonyeshwa moja kwa moja, na baada yake wa Uingereza. Jumapili huwezi kupata mahali pa kuweka mguu. Vijana ambao baba zao niliimba nao wanajua majina ya mabeki wa Milano, na hawajui namba tatu wetu anaitwa nani.

Nilimfuata Jamali Ijumaa baada ya swala.

“Kaka, Jumapili hii moja tu. Fungua baada ya mechi ya Odhis.”

Akacheka kwanza, kisha akaona sichezi. “Dada, hawa watu sijawafunga kamba. Wanakuja wenyewe. Nikifunga mimi, wataenda kwa yule Msomali wa stendi, naye ana dishi pia. Uwanjani hawaendi.”

Nilikasirika nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Basi leo. Nilifika uwanjani mapema nikakuta ng'ombe wawili golini na mwanamke mmoja mzee amesimama karibu na uzio wa mabati, amevaa gauni la kanisani na viatu mkononi. Nilidhani amepotea njia. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kutafutatafuta kama hapa ndipo Odhiambo anacheza.

Ni mama yake Odhis.

Sikuwa nimewahi kumwona. Anaishi Rusinga, tangu zamani anaogopa boti, na njia ya barabara ni ndefu. Miaka yote mwanawe alipocheza, yeye alibaki kisiwani akisubiri watu warudi wamsimulie. Leo, kwa kuwa ni ya mwisho, aliamka alfajiri, akavuka hadi Mbita kwa miguu juu ya lile tuta la mawe, akapanda matatu hadi hapa, peke yake. Alikuwa amebeba mfuko wenye nguo ya pili. Alifikiri watu watakuwa wengi mno, atachafuka.

Nilimkalisha jukwaani, kwenye ubao mkavu kidogo, nikakaa naye.

“Watu wako wapi?” akauliza.

“Bado mapema, mama.”

Timu zikaingia. Tulikuwa wachache kiasi kwamba ningeweza kutuita sote kwa majina. Mwenye bucha hakuwepo. Kinyozi hakuwepo. Mama wa omena alikuja, kweli, na nguo za kanisa, akatazama huku na huku, akaona aibu kama vile amefika harusini mapema mno, akaondoka kabla ya mapumziko. Upande wa pili walikuwa wamejaa watu wa Migori, wameshuka na lori zima na ngoma zao. Ukifika pale bila kujua, ungesema ni nyumbani kwao.

Odhis alimwona mama yake. Alinyoosha mkono, kisha akatazama mabenchi matupu nyuma yetu, akaushusha.

Walitufunga moja mapema tu. Mpira wa kona, beki wetu akateleza. Odhis hakumgombeza. Zamani angemgombeza hadi Kosele wasikie.

Katikati ya kipindi cha kwanza ikatokea kelele kubwa. Mlio wa watu wengi kwa pamoja, kutoka nje ya lango, hadi mabati yakatikisika. Wachezaji wetu wote wakageuza vichwa. Mama yake Odhis akanishika mkono, uso umemng'aa.

“Ndio hao? Wanakuja?”

Ilikuwa ni goli la Italia. Watu wa mji wetu walikuwa wanashangilia ndani ya ukumbi wa kaka yangu.

“Hapana, mama,” nikasema. “Wanaangalia mpira mwingine.”

Aliniachia mkono taratibu.

Mapumzikoni alikuja upande wetu jamaa mmoja mnene wa Migori mwenye ngoma kifuani. Jina lake Marwa, ni kiongozi wa mashabiki wao, tunajuana tangu enzi za kutukanana. Alitaka kunichokoza kama kawaida, lakini alipoona yule mama akasita.

“Huyu ni nani?”

“Mama ya kipa. Leo kijana wake anaaga.”

Marwa akatazama jukwaa letu lote, akalitazama tena. “Mama ya kipa? Na mmemkalisha hivi, kama matanga?”

Alirudi kwao bila kunichokoza.

Kipindi cha pili refa aliwapa penalti. Ilikuwa halali, sitasema uongo kwenye shajara yangu mwenyewe. Mama aliuliza nini kinatokea, nikamweleza kwamba sasa ni mwanawe na mtu mmoja tu. Akafumba macho. Odhis akajitupa kulia, upande wa lile goti bovu, akautoa mpira kwa vidole. Akabaki chini muda mrefu.

Nilipiga kelele peke yangu. Sauti yangu ilinirudia kutoka kwenye mabati, nikanyamaza.

Na hapo ndipo ngoma ya Migori ilipoanza. Polepole kwanza. Nilidhani wanamkejeli. Kisha nikasikia wanaita “Odhis! Odhis!” na nikamwona Marwa anavuka mbele ya lango la kuingilia akipiga, na kundi lake lote nyuma yake, wamekuja upande wetu, wamejaza mabenchi yetu, wamemzunguka yule mama. Kijana mmoja alimvalisha skafu ya Migori begani. Akina dada wao wakapiga vigelegele. Watu tuliokuwa tukiwaita maadui walimwimbia kipa wetu, tena baada ya yeye kuwazuilia penalti, hadi filimbi ya mwisho. Tulifungwa moja bila.

Odhis alikuja akasimama mbele ya jukwaa. Aliinua mikono kuwaaga mashabiki, na mashabiki hawakuwa wake.

Mama yake alikuwa anacheka na kupiga makofi. Mimi nililia. Nilifunika uso kwa ukingo wa buibui nikajifanya napangusa tope.

Tulipotoka langoni, ukumbi ulikuwa umefunguliwa milango, watu wamesimama nje wakinyoosha viungo. Mpira wa Italia ulikuwa umekwisha, wa Uingereza haujaanza. Kinyozi aliniona.

“Zuhura! Ilikuwa ngapi?”

Aliuliza kwa furaha. Bila hatia kabisa.

“Moja bila.”

“Ah, hii timu!” Akamwona Odhis nyuma yangu na begi lake. “Odhis, ndugu yangu! Pole. Kuja, kuja ndani, ya pili inaanza. Mpatieni kipa nafasi!”

Nilingoja Odhis aseme kitu. Nilitaka aseme. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia kukisema. Lakini aliangalia chini, akatabasamu, akaniambia kwa sauti ndogo, “Zuhura, nikae kidogo. Goti linauma.” Akaingia. Wakasogea, wakampa benchi la mbele, mwenye bucha akampiga bega, mtu akampa soda. Jamali aliniona kupitia mlango akageuza uso haraka, akajifanya anatengeneza waya. Kupitia mlango ule niliuona uso wa Odhis katika mwanga wa televisheni. Alikuwa anamwangalia kipa wa huko Uingereza.

Hakuwa na hasira, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyekuwa mbaya. Wanampenda. Wangemzika vizuri akifa.

Mama yake alisimama nami kwenye matope tukisubiri. Tulisubiri mpaka nikaona anatetemeka, nikamwambia magari ya Mbita yamekwisha leo, alale kwangu. Odhis ana chumba kimoja kilichojaa mbao. Alikuja bila kubisha. Kaka yangu nitazungumza naye kesho, au kesho kutwa, nikishapoa.

Nilipika ugali na kuku. Alikula kidogo, skafu ya Migori bado begani. Baada ya kunawa mikono alinigeukia.

“Nyara,” akasema. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita binti. “Nataka kuuliza, lakini usikasirike.”

“Uliza, mama.”

“Hawa watu wa Rusinga. Walikuwa wanarudi jioni, sauti imeisha. Wanasema, leo mtoto wako ameimbiwa na mji mzima. Kila mara wanasema hivyo. Mimi nilikuwa naamini.” Akashika ncha ya skafu. “Walikuwa wananifurahisha tu?”

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hawakudanganya. Nilimsimulia yote: boti, lori la Kosele, suti za misa, bendera, akina mama walivyomtungia mwanawe wimbo kwamba mikono yake ni nyavu, na kwamba siku moja walimbeba juu juu hadi sokoni na kiatu chake kimoja hakikuonekana tena. Nilisimulia vibaya, kwa haraka, nikichanganya lugha zote nilizo nazo, kama mtu anayetetea kesi. Nilimwimbia hata ule wimbo. Nilikuwa nimesahau ubeti wa pili.

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Alikuwa akitikisa kichwa polepole. Alikuwa ameniamini, nadhani, na kuniamini hakukumfurahisha.

“Basi,” akasema, “ni mimi nimechelewa.”

Akaomba ruhusa akajinyooshe.

Jumapili ijayo kuna mechi ya nyumbani tena, golini atasimama mtu mwingine. Mwaka huu mimi mwenyewe nimeshakosa mechi kadhaa, nikikaa dukani nikijiambia wateja wako njiani. Sijui kama nitaenda. Nataka kuandika kwamba nitaenda. Naandika badala yake kwamba asubuhi nitampeleka mama stendi, nitamtafutia kiti cha mbele, na akiniuliza tena nitajitahidi niukumbuke ubeti wa pili.