Chumba Nilichokuficha, Baba

Erdington, Birmingham
Novemba 2018

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko Australia jua limeshaanza kuchoma na wewe umekaa barazani na redio yako. Kukupigia simu nimeshindwa kwa aibu, ndiyo maana naandika. Na naandika hadharani makusudi, kwa sababu nikijiandikia peke yangu nitajihurumia, najijua.

Juzi nilimsimulia mjukuu wako Salma habari za mji wetu wa mgodi. Haamini hata kidogo kwamba mama yake amekulia jangwani Australia, kwenye vumbi jekundu la kuingia mpaka kwenye unga wa chapati, huku ndani ya nyumba tunaongea Kiswahili cha Tanga kitupu. Nikamweleza ile foili ya jikoni mliyobandika madirishani ili upate giza la kulala ukitoka zamu ya usiku. Sisi watoto tunanyata mchana kutwa. Mtu akicheka tu, marehemu mama anatokea na mwiko: "Nyie! Baba yenu amelala!" Hata simu aliichomoa waya.

Na waya huo ndio uliotuponza siku ile ya kibati. Kila anayeteremka mgodini anatundika kibati chenye jina lake ubaoni, akipanda juu anakitoa, na baruti hailipuliwi mpaka ubao uwe mtupu. Wewe ulipanda, ukaoga, ukaja zako kulala. Kibati ukakiacha kinaning'inia. Wakapiga simu nyumbani, wapi! Wakateremka tena chini kukutafuta, watu waliokesha kazini, wanaita jina lako kwenye mashimo. Mwisho msimamizi akaja kugonga mlango kwa ngumi, na mama, Mungu amrehemu, akamwambia, "Taratibu basi, utamwamsha!"

Salma alicheka mpaka akalala chini. Nikamwambia subiri, kuna faini. Desturi yao, mwenye kosa kama hilo anawaletea wenzake katoni ya bia. Wewe, mtu wa sala tano! Siku mbili ulizunguka uani hujui ufanye nini. Mama ndiye aliyekata shauri: akapika pilau la sufuria kubwa, na kachumbari yenye pilipili ya kuwatoa Wazungu machozi. Tukawapelekea mgodini, wakala wamekaa chini na maovaroli yao, mmoja akakomba sinia kwa vidole. Tangu hapo wakawa wanatania kwamba na wao watasahau vibati ili mama awapikie.

Wewe hukucheka. Tukiwa garini kurudi ulisema, "Wenzangu wanashuka kunitafuta, mimi nimelala." Ukarudia tena tulipofika nyumbani.

Nilipofika hapo kwenye kusimulia, baba, nilikatisha. Salma akaniuliza kwa Kiingereza chake, sasa hivi babu anakaa na nani? Nikamwambia maliza kula.

Unakaa na nani? Mgodi umefungwa. Majirani wamehama, duka limefungwa, mama yuko kaburini. Mwezi uliopita uliniuliza kwenye simu, kwa ile njia yako ya kupitia mbali, "Eti hizo nyumba za huko zina nafasi?" Nikajibu upesi upesi, "Za kubanana tu, baba, huwezi kuamini." Nilikuwa nimekaa chumba cha juu, kitupu, hakina kitu ila meza ya kupigia pasi. Nilikudanganya nikiwa ndani yake.

Na kazi yangu unaijua. Kila asubuhi napanda basi kwenda Northfield kuwaogesha wazee wa watu. Nawakata kucha, nawanyoa ndevu, nawaita "my darling". Wananisifu kwamba nina moyo. Moyo gani huo! Nilihofia kukuogesha wewe. Nilihofia nitarudi nyumbani nimechoka nikukute unanisubiri, na utasikia wajukuu wako wanavyonijibu. Basi. Sina sababu nyingine, na hizo zenyewe naona haya kuziandika.

Nawe siku ile kwenye simu ukasema tu, "Haya mwanangu, mimi hapa nimeshazoea." Ulijua. Ukanifunika aibu yangu kama mtu anavyomvutia mtoto shuka, na mimi nikashukuru, nikakata simu.

Meza ya pasi nimeitoa. Kitanda kimeletwa jana, Salma amekitandika mwenyewe vibaya vibaya. Njoo utembee kwanza, mengine tutayaona. Najua kaburi la mama ni gumu kuliacha, na ukikataa kwa ajili yake sitakulaumu hata siku moja. Ila ukisema hapana, baba, iwe ni hapana yako. Isiwe ya kunisitiri mimi.

Ni mimi,
binti yako mkubwa