Plasta Imebanduka Majini

Jerop dadangu,

Huku Japani kuna baridi kama ya Kaptagat asubuhi, lakini maji yanatoka ardhini yakiwa moto, yananuka mayai yaliyooza. Wanawake wanaoga pamoja, uchi kabisa, na mwenye tatuu lazima aifunike. Mama wa mlangoni aliniangalia kama mwizi wa kuku, akanipa plasta nibandike begani.

Ndani, nyanya mmoja akanikazia macho. Nikahamia kona nyingine, akanifuata. Nikajua huyu ametumwa na yule wa mlangoni. Nikazama mpaka kidevuni, na plasta ikabanduka, ikaelea hadi mbele yake! Nikangoja apige nduru. Akaiokota, akaangalia bega langu, akacheka. Halafu akatoa kitaulo kilichokuwa kichwani mwake, akanifunika nacho.

Bado simwamini. Mzee hacheki hivyo bure.

Nawapenda wote hapo mtaani Pioneer, mvua isiwanyeshee sana.

Na wewe Mama, ufunguo wa sanduku la posta unakaa kwako, kwa hivyo najua unasoma hii kabla ya Jerop. Tatuu yenyewe ni ya ndege tu, tena mdogo. Ukimaliza kukasirika, mpe kadi yake.

Chelagat